Mnyonge Aliyetamani Rafiki Mwenye Elimu: Somo Kutoka Korea

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona somo letu la mara hii latoka Korea, nchi iliyo mbali nasi, na lawahusu wanazuoni wa Kikristo wala si wanazuoni wetu. Mtauliza: Jee, tumekwisha kusoma vyetu hata tukaingia vya wenzetu? Jawabu yetu ni kwamba hatwendi Korea kutafuta itikadi. Itikadi yetu tunayo, nayo yatutosha. Twaenda kutazama jambo moja tu: vipi watu waliokuwa wakisoma kitabu chao kwa miaka mingi, na kukifundisha katika vyuo vikuu, walikuja kugundua kwamba walikuwa wakikisoma huku wamewapa mgongo wale ambao kitabu chenyewe chawataja sana. Na mtu akimwona jirani yake amezinduka usingizini kwa kishindo, haimdhuru naye kujitazama kama yu macho.

KIJANA WA SOKO LA AMANI

Mwaka 1948, katika mji wa Daegu, alizaliwa kijana aitwaye Jeon Tae-il. Wazee wake walikuwa maskini, na skuli hakupata kuisoma ila kidogo. Katikati ya miaka ya 1960 alipata kazi ya ushoni mjini Seoul, katika mahali paitwapo Soko la Amani. Jina lilikuwa Amani, lakini amani yenyewe haikuwamo. Wenye karakhana za nguo walikuwa wamekigawanya kila chumba kwa kupachika sakafu ya mbao katikati yake, ili chumba kimoja kiwe viwili. Na mtu mzima akiingia humo hakuweza kusimama akanyooka. Humo ndimo walimokuwa wakifanya kazi wasichana wadogo, wengine hawajapita miaka 15, saa 14 kwa siku, vumbi la vitambaa likiwaingia mapafuni, na mapumziko yao kwa mwezi ni siku 2.

Jeon alipanda cheo mpaka akawa fundi wa kukata vitambaa, na lau angetaka angenyamaza akala mshahara wake. Lakini hakuweza. Alikuwa akiwaona wale wasichana wakisinzia juu ya cherehani kwa njaa na uchovu, akatoa nauli yake ya basi akawanunulia mikate, kisha yeye mwenyewe akarudi kwao usiku kwa miguu, mwendo wa saa nyingi. Muda si muda akafahamu kwamba mikate haitoshi, kwa kuwa njaa ya leo ikishibishwa, ya kesho ingaliko.

Siku moja baba yake akamwambia kwamba nchi ile ina sheria ya kazi. Na kweli ilikuwako. Ilipitishwa mwaka 1953, nayo ilisema kazi ni saa 8 kwa siku, na kila wiki mtu apate siku ya kupumzika. Jeon alistaajabu mno. Sheria iko, na wasichana wanakufa! Akakinunua kitabu cha sheria hiyo, akawa akikisoma usiku. Lakini kitabu kile kilijaa herufi za Kichina, ambazo wakati ule ndizo zilizokuwa zikitumiwa na wasomi katika mambo ya sheria, na yeye skuli hakuisoma ila kidogo. Basi alikuwa akitamani lau angekuwa na rafiki mmoja tu anayesoma chuo kikuu, amfafanulie yaliyoandikwa humo. Hakumpata.

Ndugu wasomaji, twawaomba mlishike neno hili, kwani somo letu lote limejengwa juu yake. Kijana huyu hakutamani fedha, wala hakutamani cheo. Alitamani rafiki mwenye elimu. Na mji wa Seoul ulikuwa umejaa wenye elimu.

Mwezi wa Oktoba 1970 yeye na wenzake walikusanya khabari za wafanyakazi na kuzipeleka katika idara ya serikali inayosimamia kazi. Ahadi zikatolewa, kisha zikavunjwa. Tarehe 13 Novemba 1970 wakatoka kwenda kukichoma moto kitabu cha sheria mbele ya watu, kwa maana kwamba sheria isiyotumika ni karatasi tupu. Polisi wakawazuia. Hapo Jeon akajimwagia mafuta akajitia moto mwenyewe, akafa usiku ule. Umri wake ulikuwa miaka 22.

Sisi Waislamu twajua kwamba kujiua ni haramu, na Mwenyezi Mungu amelikataza katika Sura An-Nisaa kwa kuwa Yeye ni Mwenye kuturehemu. Basi hatukisifu kitendo hicho, wala hatumtaki kijana yeyote akifuate. Lakini yatupasa tujihadhari na jambo jingine pia, nalo ni kufanya haraka kuhukumu kifo cha mtu na kuacha kuuliza ni nani waliomziba kila njia ya uhai. Mwenye kukataza kujiua, na huku hakatazi dhulma yenye kuwafikisha watu huko, amesoma nusu ya hukumu.

Mama yake, Lee So-sun, alikataa kumzika mpaka yale aliyoyadai mwanawe yakubaliwe. Mwezi ule ule chama cha wafanyakazi wa ushoni kikaundwa. Mama huyo akaishi kuwatetea wafanyakazi kwa miaka 40 baada ya hapo, mpaka alipofariki mwaka 2011. Na wanafunzi wa chuo kikuu, walipoisikia khabari, walikuja. Rafiki mwenye elimu aliyetamaniwa alifika, lakini alifika matangani.

WANAZUONI WALIOZINDUKA

Wakati huo Korea ya Kusini ilikuwa chini ya Jenerali Park Chung-hee, aliyeshika utawala kwa mapinduzi ya kijeshi mwaka 1961, na mwaka 1972 akaleta katiba iliyompa nguvu zote mkononi mwake. Viwanda vilikuwa vikipanda na fedha zikiingia. Na kila aliyeuliza fedha hizo zatoka katika jasho la nani aliambiwa kuwa ni adui wa nchi.

Miongoni mwa walioshituka kwa kifo cha Jeon ni wanazuoni wawili. Mmoja ni Ahn Byung-mu, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 1996, mtu aliyesomea Injili Ujerumani na akarudi kuifundisha kwao. Wa pili ni Suh Nam-dong, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1984, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yonsei. Watu hawa walikuwa mabingwa wa vitabu vya Kizungu. Lakini walipowatazama wasichana wa Soko la Amani waliona kwamba elimu yao yote haikuwa na neno moja la kuwaambia. Mwaka 1975 wote wawili walifukuzwa katika kazi za kusomesha. Tarehe 1 Machi 1976 walitia saini, pamoja na wenzao, tangazo la kudai uhuru na haki lililosomwa katika kanisa kuu la Myeongdong mjini Seoul, na kwa ajili hiyo wakatiwa gerezani. Na wengi wao walikiri baadaye kwamba huko gerezani, walipolala sakafu moja na watu wa chini, ndiko walikosoma zaidi.

Kutokana na hayo ikazaliwa elimu iliyoitwa kwa jina la Kikorea “minjung”. Neno hili limeungwa kwa maneno mawili: “min”, maana yake watu, na “jung”, maana yake wengi au umati. Wao hulitumia kwa wale walioonewa katika mali, wakanyimwa kauli katika utawala, na wakadharauliwa katika heshima. Sisi kwa lugha yetu tungesema: wanyonge. Mwezi wa Oktoba 1979 wanazuoni wa Kikristo wa nchi za Asia walikutana Seoul kuizungumza elimu hii, na khabari zake zikaenea duniani. Siku chache baada ya mkutano huo, tarehe 26 Oktoba, Jenerali Park aliuawa na mkuu wake mwenyewe wa ujasusi. Dhulma haikwisha hapo, kwani Mei 1980 askari waliwauwa raia wengi katika mji wa Gwangju. Na ni mwaka 1987 tu ndipo umma ulipolazimisha uchaguzi wa haki.

MAMBO MATATU WALIYOYASEMA

La kwanza ni la umati. Ahn aliitazama Injili ya Marko katika lugha ya Kigiriki, akaona kwamba wale watu waliokuwa wakimzunguka Nabii Isa (amani imshukie) hawakuitwa kwa lile neno la heshima ambalo hutumiwa kwa taifa, bali kwa neno jingine, “ochlos”, ambalo ni umati wa wasio na mahali: wagonjwa, watoza ushuru, wanawake waliodharauliwa, wenye njaa. Wafasiri walikuwa wakilipita neno hili kwa karne nyingi, wakimwangalia mwenye kusema peke yake na kuwasahau waliosemezwa. Yeye akauliza: Jee, waweza kumfahamu Mtume wa Mwenyezi Mungu na huku huwajui waliokaa naye?

La pili ni la machungu. Wakorea wana neno “han”, nalo ni machungu yaliyorundikana moyoni kwa dhulma isiyolipwa, yakarithiwa na mtoto kutoka kwa mama. Suh alisema kwamba kazi ya mtu wa dini ni kuyasikiliza machungu hayo kwanza kabla ya kutoa mawaidha. Lakini akaonya pia kwamba machungu yakiachwa hugeuka kisasi, na kisasi huzaa dhalimu mpya. Basi akalichukua kwa mshairi Kim Chi-ha neno la kukata, yaani mwonewa aukate mnyororo huo ndani ya nafsi yake mwenyewe, asije akawa kama aliyemwonea.

La tatu ni kwamba mnyonge si kitu cha kuhurumiwa tu, bali ni mwenye khabari yake mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye panapomuuma. Mwezi wa Agosti 1979 wafanyakazi wanawake wa kiwanda kimoja cha nywele za bandia, karibu 190 kwa hesabu yao, walifungiwa kiwanda chao, wakaingia kukaa katika ofisi ya chama cha upinzani mjini Seoul. Polisi wakawavamia usiku, na mmoja wao akafa. Wanawake hao hawakuwa na shahada, lakini kitendo chao kilitikisa utawala mzima. Na miezi mitatu haikupita ila utawala ule umeanguka.

TUNAYOYAKATAA NA TUNAYOYAKUBALI

Insafu yataka tuseme wazi pale tunapoachana nao. Baadhi yao walikwenda mbele wakasema kwamba wanyonge wenyewe ndio Masihi, na kwamba wokovu wa dunia umo ndani yao. Hili hatulikubali. Mungu ni Mmoja, wala unyonge haumfanyi kiumbe kuwa mwokozi. Qur'ani katika Sura Saba yatusimulia juu ya wanyonge na wakubwa wao watakavyolaumiana Siku ya Kiyama, kila mmoja akimtupia mwenziwe lawama, na adhabu ikawafikia wote. Na katika Sura An-Nisaa wako watakaotoa udhuru kwamba walikuwa wanyonge katika nchi, na udhuru huo usikubaliwe kwa aliyekuwa na njia ya kuhama asihame. Basi unyonge si uchamungu. Mnyonge naye ataulizwa.

Lakini tukisha kusema hayo, jee, twaweza kukataa kwamba jambo lenyewe, la kuisoma dini kutoka pale alipokaa mnyonge, limo katika Kitabu chetu tangu mwanzo? Katika Sura Hud wakubwa wa kaumu ya Nabii Nuhu walimkataa kwa hoja kwamba hawamfuati ila watu duni. Katika Sura Al-An'aam, na tena katika Sura Al-Kahf, Mtume wetu (S.A.W.) aliamrishwa asiwafukuze wale wanaomwomba Mola wao asubuhi na jioni, na kuwa nao kwa subira, na sababu yake ni kwamba wakubwa wa Kureshi walitaka wakina Bilal na Suhaib na Ammar waondolewe barazani ili wao wakubwa wapate kukaa. Katika Sura Abasa, Mtume mwenyewe alizinduliwa na Mola wake kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullah bin Umm Maktum, aliyekuja kutafuta elimu na huku Mtume ameshughulika na matajiri wa Makka. Katika Sura Al-Qasas Mwenyezi Mungu asema kwamba ataka kuwaneemesha waliodhoofishwa katika nchi ya Firauni, na kuwafanya wao kuwa viongozi na warithi. Na katika Sura An-Nisaa twaulizwa tuna nini hata hatuwapiganii wanaume na wanawake na watoto walioonewa, wanaomlilia Mola wao awatoe katika mji wa madhalimu.

Basi twaona kwamba wale wanazuoni wa Korea walifika kwa taabu na gereza mahali ambapo sisi tumepewa bure. Na neema aliyopewa mtu bure ndiyo atakayoulizwa zaidi.

Wala asiseme mtu kwamba haijuzu kushikana mkono na asiyekuwa Mwislamu katika kuondoa dhulma. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alihudhuria katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an maagano ya Hilful-Fudul, pale Makureshi walipoahidiana kumsaidia kila aliyedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni. Sababu yake ilikuwa mfanyabiashara wa Yaman aliyechukuliwa bidhaa yake na mkubwa mmoja wa Makka akanyimwa thamani yake. Na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa tena katika maagano kama yale, angeitikia.

LEO WANYONGE NI NANI?

Korea ya Kusini ya leo ni nchi tajiri, na wako wasemao kwamba elimu ya minjung imekwisha kazi yake. Lakini unyonge haukwisha. Umehamia kwa watu wengine. Wageni waishio nchini humo sasa wapita milioni 2, na wengi wao hufanya kazi ambazo wenyeji hawazitaki, mashambani na viwandani. Kwa utaratibu wa vibali ulioanza mwaka 2004, mfanyakazi mgeni hawezi kumwacha bwana wake na kuhamia kwa mwingine kama apendavyo. Disemba 2020, wakati wa baridi kali, mwanamke mmoja wa Kambodia alikutwa amekufa katika kibanda cha shambani alimokuwa akilazwa huko Pocheon. Miongoni mwa wageni hao wako ndugu zetu Waislamu wa Bangladesh, Indonesia, Pakistan na Uzbekistan.

Na katika mji ule ule wa Daegu alikozaliwa Jeon Tae-il, wanafunzi Waislamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Kyungpook, wengi wao Wapakistani, walipata mwaka 2020 ruhusa ya kujenga msikiti mdogo karibu na chuo chao. Majirani wakapinga, na Februari 2021 ujenzi ukasimamishwa. Mwezi wa Septemba 2022 mahakama kuu ya nchi ikawapa haki Waislamu. Hapo baadhi ya wapinzani wakaweka vichwa vya nguruwe mlangoni pa mahali pale, na wakachoma nyama ya nguruwe hadharani. Lakini wako pia Wakorea, mawakili na jamii za raia, wasiokuwa Waislamu, waliosimama pamoja na wanafunzi hao. Wanafunzi wale walipata kile alichokikosa Jeon: walipata rafiki mwenye elimu.

Tunapoisoma khabari hii damu yatuchemka, na ni haki ituchemke. Lakini tufanye insafu. Kule Daegu sisi ndio wanyonge, na twamtaka mwenye nguvu atuogopee Mungu. Jee, pale ambapo sisi ndio wenye nguvu, twafanyaje? Wasichana wangapi wa Kenya wamekwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kutumikia majumbani, pasi zao zikashikwa na mabwana, na mabwana hao waswali sala tano? Mabadiliko ya sheria yaliyoanza huko Saudia mwezi wa Machi 2021, ya kumwezesha mfanyakazi kubadilisha kazi, yaliwaacha nje watumishi wa majumbani. Wala haifai kuinyoshea kidole Ghuba peke yake, kwani safari ya huko huanzia hapa petu, na mazoea ya kumtumia mtu bila kumtazama hatukuyajifunza kwa wageni.

KATIKA DARSA YETU

Tulipokuwa tukiyasoma haya katika darsa yetu, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: “Maalim, na huyu binti anayetuletea kahawa hapa kila Alkhamisi baada ya Isha, yeye hupumzika siku gani?”

Watu wakanyamaza. Mwenye nyumba, naye ni mzee wetu mwenye kheri nyingi, akajibu kwa ukweli: “Wallahi mwanangu, sijapata kumuuliza.”

Tukatazamana. Miaka mingi tumekaa chumba kile tukifasiri aya za mayatima na maskini, na binti yule akiingia na kutoka na birika, wala hapana aliyemwambia kaa usikilize. Tulifungua sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, tukaiona yasema kwamba mfanyakazi apate angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka pamoja na mshahara wake. Miongoni mwetu walikuwamo waalimu, na makarani, na waliosomea sheria yenyewe. Sheria ilikuwako. Wenye kuweza kuisoma walikuwako. Aliyekosekana ni rafiki.

Wiki iliyofuata mwenye nyumba alikwisha kuazimia kumpa siku ya Jumapili iwe yake, na akiona kwamba amefanya wema mkubwa. Lakini mkewe akasema: “Muulizeni mwenyewe.” Akaulizwa kwa upole, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: “Baba, Jumapili nashukuru. Lakini ikiwezekana, mshahara wangu naomba nipewe mimi mkononi.” Kumbe kwa miaka 2 mshahara wake ulikuwa ukipewa jamaa yake aliyemleta mjini, na mama yake huko kijijini hakupata kuona hata senti.

Hakuna hata mmoja katika sisi wenye vitabu aliyelifikiri jambo hilo. Hapo ndipo tulipoifahamu maana ya lile neno la tatu la wanazuoni wa Korea: kwamba mnyonge ndiye ajuaye panapomuuma, na kwamba wema usiouliza hukosea njia. Wazee wetu walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Nasi twaongeza: na kabla ya kumpa, muulizeni ni ipi.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba watumishi wetu ni ndugu zetu, waliowekwa na Mwenyezi Mungu chini ya mikono yetu, basi tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa, wala tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na kwamba mwenye kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na alipomtuma Muadh kwenda Yaman alimuonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Hadithi hizi hazihitaji tafsiri mpya. Zahitaji msomaji aketi mahali pengine.

Basi twawausia wenzetu wa darsa zote mambo manne. Kwanza, kila mtu aanze nyumbani kwake, na dukani kwake, na katika chuo chake: amtazame mtumishi, na mchukuzi, na mwalimu wa Qur'ani anayelipwa kwa shukrani, na amuulize. Pili, kila darsa iwe na siku moja kwa mwezi ya kumsomea mtu karatasi yake bila malipo: mkataba wa kazi, barua ya mahakama, hati ya ardhi, na khasa mikataba ya wasichana wanaotaka kwenda Ghuba, kabla hawajatia saini. Tatu, ukumbi wa elimu uwe wazi kwa aletaye kahawa kama ulivyo wazi kwa ainywaye. Nne, tushikane na kila mwenye kusimamia haki, wa dini yoyote, katika maana ya Hilful-Fudul, bila kuuza itikadi yetu wala kuidharau yake.

Hatutaki rafiki mwenye elimu afike matangani. Afike sasa, maadamu mtu yu hai na jambo lake latengenezeka. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaosikia maneno wakayafuata yaliyo mema yake, na atughufirie tuliyoyapita kwa kutotazama. Na Yeye ndiye Mwenye kuwafikisha.

MASUALA YA KUZUNGUMZIA KATIKA DARSA

1. Kwa nini sheria ya mwaka 1953 haikuwafaa wasichana wa Soko la Amani, hali ilikuwa imeandikwa? Kuna sheria gani kwetu zilizo katika hali hiyo?

2. Someni mwanzo wa Sura Abasa. Ni nani katika mtaa wenu aliye mahali pa Abdullah bin Umm Maktum?

3. Kuna tafauti gani baina ya kumhurumia mnyonge na kumuuliza?

4. Machungu yaliyorundikana hukatwaje bila ya kuisamehe dhulma yenyewe kuendelea?